Ndoa, Talaka na Wakwe: Ukoo wa Magari Yanayopita Nangurukuru

Ukisimama njia panda ya Nangurukuru kwa nusu saa tu, utakuwa umeona dunia nzima ikipita. Basi la Scania linatoka Mtwara linawahi Dar. Fuso limeshona magunia ya korosho mpaka turubai linataka kupasuka. Coaster ya Lindi inapakia, konda anaita abiria kama anawadai. Kirikuu inatoka Kivinje na samaki na barafu, maji yanachuruzika barabarani. Pembeni bajaji zimejipanga zinasubiri wa kwenda Masoko, na kwa mbali inakuja Land Rover moja kuukuu, rangi imeshapauka, lakini inatembea.

Kila chombo kina jina lake mbele. Watu wanagombana kijiweni kwa ajili ya majina hayo. Huyu Toyota damu, yule Nissan hataki kusikia, mwingine anaapa kwamba Mjerumani ndiye anayejua gari. Sasa kaa mkao wa kula, maana ukianza kuuliza nani mtoto wa nani, nani alimwoa nani na nani alimwacha nani, utagundua hayo majina ni kama majina ya mastaa: unayaona kwenye bango, lakini anayeshika pesa ni mtu mwingine kabisa.

Na Kilwa si mahali pa kushangaa habari za kununua na kununuliwa. Simulizi la kale la Kilwa Kisiwani linasema mfalme wa kwanza wa Kishirazi alikipata kisiwa kwa nguo. Alimpa mwenyeji wa pale nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima, mwenyeji akachukua, akahamia bara. Baadaye akajuta, akapanga kurudi na watu wake maji yakitoka akichukue tena. Alikuta kivuko kimekwisha kufungwa, bahari imejaa, hakuna pa kupita. Iwe kweli au hadithi, fundisho lake limebaki: ukishapokea nguo, kisiwa si chako tena. Kampuni kubwa za magari zimelijua hilo kwa gharama kubwa.

Tuanze na mzee wa ukoo, Land Rover.

Gari hili lilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, kazi ya kampuni ya Uingereza iliyoitwa Rover. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha juzi tu, chuma kilikuwa cha mgawo, ndiyo maana bodi yake ikawa ya alumini. Miaka hiyohiyo Waingereza walikuwa Kusini mwa Tanganyika na mradi wao wa karanga. Ulianza 1947, ukafika Nachingwea, reli ikajengwa kutoka ghuba ya Lindi kwenda huko bara, na baadhi ya matrekta yalikuwa vifaru vya kivita vilivyogeuzwa kulima. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pesa zimeungua. Reli nayo ikafungwa miaka ya 1960. Watu wakabaki na barabara za tope, na barabara za tope zilitaka gari gumu. Kwa miongo mingi aliyekuja na Land Rover alikuwa serikali, misheni, bwana nyamapori au daktari. Kijijini likisikika linaunguruma, watoto walijua kuna jambo.

Huku likiheshimika hivyo, kwao lilikuwa linapigwa danadana. Mwaka 1967 Rover akaolewa na Leyland, watu wa malori. Mwaka uliofuata ikaundwa British Leyland, nyumba moja yenye wake wengi wasioelewana: Rover, Jaguar, Austin, Morris, Triumph. Migomo, madeni, magari mabovu. Mwaka 1975 serikali ya Uingereza ikaitaifisha ili isife. Ndiyo, hao hao waliokuwa wakiguna Tanzania ilipotaifisha mabenki na viwanda baada ya Azimio la Arusha la 1967, miaka minane baadaye na wao wakafanya vilevile kwa kiwanda chao cha magari.

Mwaka 1988 ikauzwa kwa British Aerospace, watengeneza ndege. Mwaka 1994 BMW wa Ujerumani akaja na pochi nene. Miaka sita tu, akachoka. Mwaka 2000 akamuuzia Ford wa Marekani Land Rover, na ile Rover ya magari madogo akaitoa kwa paundi 10. Siyo milioni 10, ni 10, hela ya chipsi kuku. Hiyo Rover ya paundi 10 ilikufa 2005 na maelfu ya wafanyakazi wakakosa ajira. Jina la MG lililokuwa ndani yake likachukuliwa na Wachina, na ndilo unaloliona leo kwenye magari mapya kabisa.

Halafu 2008 ikatokea kubwa kuliko. Ford, akiwa hoi kwa madeni, akawauza Jaguar na Land Rover kwa pamoja kwa Tata wa India, dola bilioni 2.3. Ni karibu nusu ya alichotoa yeye alipowanunua. Fikiria vizuri hapo. Gari la bwana shauri, gari la mkoloni mwenyewe, sasa ni mali ya kampuni ya koloni lake la zamani. Wapo waliocheka wakisema Tata atalizika. Miaka michache baadaye Jaguar Land Rover ndiyo iliyokuwa ikimwingizia Tata sehemu kubwa ya faida, na Ford akabaki kama yule mwenyeji wa Kilwa Kisiwani, anaangalia maji yamejaa.

Lakini kuna upande ambao magazeti ya biashara hayauandiki. Januari 2016 Defender ya zamani ilitoka kiwandani Solihull kwa mara ya mwisho. Defender mpya iliyofuata inatengenezwa Slovakia, ina kompyuta kila kona. Fundi wa kando ya barabara ya Kilwa, ambaye aliweza kuifungua ile ya zamani kwa spana mbili na nyundo akaifunga kabla ya adhuhuri, hii mpya hawezi kuigusa bila mashine ya kusomea. Mwenye kampuni akibadilika, mabadiliko hayaishii kwenye hisa. Yanashuka polepole mpaka kwenye sanduku la vifaa la mtu ambaye hakuulizwa.

Sasa njoo kwenye lile basi.

Scania ni Mswidi, na Watanzania wanamjua kitambo. Miaka ya 1980 kiwanda cha TAMCO pale Kibaha kiliunganisha malori na mabasi ya Scania kwa ushirikiano na Waswidi hao. Ilikuwa ndoto ya taifa: leo tunaunganisha, kesho tunatengeneza. Kibaha hiyohiyo mwaka 1985 likaanzishwa shirika la Nyumbu, chini ya jeshi, kutafuta gari la Kitanzania lenyewe, na lori la majaribio likatoka kweli. Vyote viwili vilikumbana na hali halisi. Fedha za kigeni hazipo, spea hazipo, soko dogo, halafu milango ya biashara ikafunguliwa na mitumba ikaingia kwa bei ambayo kiwanda hakiwezi kupigana nayo. Ushirikiano wa kuunganisha una siri moja: mwenye michoro ndiye mwenye gari. Ukipewa bolti na maboksi bila michoro, wewe ni shemeji, hujawa mume.

Scania mwenyewe naye hakutulia. Mwaka 1969 alifunga ndoa na Saab, wakawa Saab-Scania. Mwaka 1995 wakaachana. Tazama watoto wa nyumba moja walivyoishia tofauti. Magari madogo ya Saab yalikwishaangukia kwa General Motors wa Marekani, nusu mwaka 1990 na yote mwaka 2000. GM alipoyumba, 2010 akayatupa kwa kampuni ndogo ya Uholanzi, Spyker, na Desemba 2011 Saab akafilisika. Huku Scania, mwaka 1999 jirani yake Volvo alileta posa, Umoja wa Ulaya ukakataa mwaka 2000 kwa hoja kwamba wakiungana hawatakuwa na mpinzani kwao. Volkswagen akaingia taratibu kwa mlango wa nyuma, akashika wingi wa kura 2008, akamalizia kila kitu 2014. Kwa hiyo basi linalokupeleka Lindi limeandikwa Scania, Mswidi yupo, ila bosi yuko Wolfsburg, Ujerumani.

Hapa ndipo ile Kilwa Road inastahili kutajwa. Mpaka mwaka 2003 hapakuwa na daraja la Mkapa pale Rufiji. Magari yalivushwa kwa pantoni, na mvua zikinyesha safari ya Dar kwenda Lindi iligeuka kambi: watu walilala njiani, wakapika, wakafahamiana, wengine wakaoana. Daraja lile, karibu mita 970, ndilo lililofanya mabasi makubwa yawe biashara ya kueleweka Kusini. Na hata leo bahari na mito haijasaini mkataba: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na magari ya kila ukoo yalipanga foleni moja, Mjerumani, Mjapani na Mchina.

Tukija kwa Wajapani, kaa vizuri, huku ndiko kuna udaku wenyewe.

Toyota ni yule mama mkwe mtulivu. Hapigi kelele, ila kila harusi yumo. Daihatsu alianza kushirikiana naye 1967, akawa wake kwa zaidi ya nusu mwaka 1998, na 2016 akamezwa mzima mzima. Ndiyo maana Cami na Passo ulizozizoea mjini zina nembo ya Toyota lakini kazi ya ndani ni ya Daihatsu. Hino wa malori alikaribishwa 1966, akawa wa Toyota rasmi 2001. Subaru alikuwa na uhusiano na Nissan kwa miaka mingi, akaachwa, akachukuliwa na General Motors, akaachwa tena 2005, Toyota akamfungulia mlango. Leo anashika asilimia 20 ya hisa zake. Kwa hiyo wale wanaotukanana kwenye mitandao kwa ajili ya Subaru na Toyota wanatukanana mtu na mjomba wake.

Lakini mama mkwe naye hubeba aibu za nyumba. Mwaka 2022 Hino alikiri kuchezea taarifa za moshi wa injini zake. Desemba 2023 Daihatsu akakiri udanganyifu kwenye vipimo vya usalama uliogusa aina 64 za magari, yakiwemo yenye nembo ya Toyota. Anayenunua Toyota ananunua amani ya moyo. Siku hiyo watu wakagundua kwamba amani hiyo ilikuwa imeshonwa na fundi mwingine.

Suzuki ndiye mwenye historia ya mapenzi. Alikaa na General Motors tangu 1981 mpaka 2008. Mwaka uliofuata tu akatoka na Volkswagen, aliyenunua asilimia 19.9. Haikuchukua muda zikaanza kelele. Volkswagen alikuwa anamtaja Suzuki kwenye taarifa zake kama kitu anachoweza kukiendesha, na Suzuki, mzee wa heshima zake, akasema hakuja kuwa mtumwa wa mtu. Kesi ikaenda kwa wasuluhishi London, 2015 hisa zikarudi. Mwaka 2019 akajikuta kwa, umeshajua, Toyota. Safari hii kila mmoja akanunua kipande kidogo cha mwenzake. Matunda yake ni haya: Starlet mpya inayouzwa Afrika ni Suzuki Baleno ya kutoka India iliyobadilishiwa nembo.

Na ile kirikuu yetu ya samaki wa Kivinje? Ni Suzuki Carry. Lakini mwili huohuo huuzwa Japani kama Mazda Scrum, na kwa miaka ya karibuni kama Nissan Clipper na Mitsubishi Minicab. Gari moja, vitambulisho vinne. Anayejua hilo akienda dukani haulizi spea kwa nembo, anauliza kwa namba ya injini, na anaokoa hela. Asiyejua anaambiwa "hiyo ya Mazda haipatikani, mpaka tuagize", na anasubiri wiki mbili samaki wanaoza.

Isuzu alikuwa na General Motors tangu 1971, wakaachana 2006. Hata Nairobi walikuwa na kiwanda cha pamoja, na 2017 GM alimwachia Isuzu hisa zake, jina likawa Isuzu East Africa. Fuso lile la korosho lilizaliwa kwa Mitsubishi, lakini kuanzia 2003 Mjerumani Daimler akaanza kumchukua. Na usishangae: mwaka 2025 Fuso na Hino, mahasimu wa miaka yote kwenye barabara za vumbi, walisaini kuungana chini ya nyumba moja. Madereva waliorushiana maneno kilima kwa kilima wakae tayari kuitwa ndugu.

Nissan yeye ni tamthilia. Mwaka 1999 alikuwa anakufa na madeni, Renault wa Ufaransa akamnunua asilimia 36.8 na kumleta Carlos Ghosn amfufue. Akamfufua. Nissan akakua akampita Renault kwa mauzo, lakini kwenye kura akabaki mdogo: Mfaransa alikuwa na sauti, yeye hisa zake kwa Renault hazikuwa na kura. Kinyongo kikakua. Novemba 2018 Ghosn akakamatwa Tokyo kwa tuhuma za fedha, tuhuma alizozikana. Mwisho wa 2019 akatoroka Japani akiwa amejificha ndani ya sanduku la vyombo vya muziki, akaibukia Lebanon. Bongo Movie hawajafika huko. Mwaka 2023 ndugu hao wakakubaliana kila mmoja abaki na kura za asilimia 15 kwa mwenzake. Desemba 2024 Nissan akaanza mazungumzo na Honda, Februari 2025 yakavunjika. Kilichokera ni pendekezo kwamba Nissan awe chini ya Honda.

Umeona mfano unaojirudia? Wote wakianza husema "tunaungana tukiwa sawa". Daimler na Chrysler walitangaza hivyo 1998, dili la dola bilioni 36. Wamarekani wakagundua haraka kwamba maamuzi yanatoka Ujerumani. Mwaka 2007 Daimler akaiuza sehemu kubwa ya Chrysler kwa kitu kama bilioni 7.4. Chrysler akafilisika 2009, akaokotwa na Fiat, na leo wote wamo Stellantis pamoja na Peugeot. Wahenga walimaliza zamani: ndoa ni ndoano. Anayeumia ni yule aliyeingia bila kusoma masharti.

Tumalizie na kile chombo kidogo kuliko vyote, maana ndicho kilichoajiri vijana wengi.

Bajaji. Jina la kampuni limekuwa jina la chombo, hata TVS mtu anaiita bajaji. Asili yake ni Italia. Piaggio alitoa pikipiki ya Vespa 1946, na 1948 akaipa magurudumu matatu. Bajaj wa India akapata leseni ya Vespa, wakafanya kazi pamoja mpaka mkataba ukaisha 1971. Hapo watu wengi wangefunga duka. Bajaj hakufunga. Alikuwa ameshajifunza, akaendelea na vyombo vyake mwenyewe. Akashirikiana na Kawasaki wa Japani kwenye pikipiki, na ndiko Boxer, pikipiki ya bodaboda, ilikotoka. TVS naye alifanya hivyohivyo na Suzuki, wakaanza 1982, wakaachana 2001, na hakufa. Leo Bajaj ndiye aliyetoa pesa kumwokoa KTM wa Austria aliyefilisika mwishoni mwa 2024. Mwanafunzi sasa anamlea mwalimu.

Tofauti ya Bajaj na TAMCO iko hapo. India ilikuwa na soko kubwa na sheria za kulilinda, hilo ni kweli. Lakini pia Bajaj aliingia kwenye ushirikiano akijua siku ya talaka itafika, akatumia kila mwaka wa ndoa kujifunza kupika mwenyewe.

Kijana wa Nangurukuru anaielewa hesabu hii kuliko anavyodhaniwa, kwa sababu anaiishi. Bajaji nyingi zinaendeshwa kwa mkataba: mwenye mali ananunua, dereva analeta hesabu kila siku kwa miezi waliyokubaliana, mwisho chombo kinakuwa chake. Matairi yake, matengenezo yake, mvua yake. Akikosa hesabu siku kadhaa, tajiri anakuja kuchukua chombo, na miezi yote aliyolipa inakwenda na maji. Maswali ni yaleyale waliyoulizana Suzuki na Volkswagen London: nani ana kura, nani anabeba hasara, na tukiachana nani anaondoka na nini. Tofauti ni kwamba Suzuki alikuwa na mawakili, huyu ana karatasi ya daftari yenye saini mbili, na wakati mwingine hata hiyo haipo.

Na kuna jambo la mwisho. Gesi iligunduliwa Songosongo, wilaya hiyohiyo ya Kilwa, mwaka 1974, na tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba kwenda Dar. Magari na bajaji zinazotumia gesi zinaongezeka, lakini vituo vingi vya kujazia viko Dar. Chombo cha Mhindi mwenye asili ya Mwitaliano kinapita Nangurukuru kikinunua petroli iliyovuka bahari, karibu na kisiwa kinachotoa gesi. Awamu hii ya magari ya gesi na umeme ndiyo kwanza inaanza na washirika wapya wanapiga hodi, Wachina wakiwa mbele. Watakuja na nguo nyingi na nzuri. Je, safari hii mwenyeji ataomba aoneshwe michoro kabla hajahamia bara?